Magoti Chini ya Kikwembe

Siku ya kwanza Dokta Evode alizani ni kosa ya mukono yake tu. Alikuwa anachora kikwembe ya marehemu bibi yake wa ndoa, Vestine, ile ya manjano yenye ndege, aliyoitandika ku kiti ya mbao karibu na dirisha. Ku kiti kitambaa ilikuwa imelala bapa. Ku karatasi iliinuka mahali mbili, sawa magoti ya muntu mwenye kukaa.

Akacheka peke yake. Miaka yote ya kupasua watu, akawaza, mukono imezoea mifupa, inaiona hata mahali haiko.

Tangu aache kazi ya opitali alikuwa anakaa Burungu, mu nyumba yenye ilizidi muntu mumoja. Watoto walikuwa mbali, wanapigaka telefone siku ya yenga, kisha kanisa, wanauliza kama anakula. Kwanza alijaribu kupiga foto: ng'ombe mu ukungu, moshi ya majiko ya jirani, vilima. Lakini foto inakamata haraka, kisha inakuacha na muchana muzima mikononi. Kuchora njo kulikula siku. Na hakuna kitu ngumu kuchora sawa mikunjo ya kitambaa.

Kesho yake akachora tena. Magoti yalikuwa pale, na juu yao mapaja, na mwanzo wa tumbo. Akakamata aparei, akapiga foto ya kiti. Ku foto kikwembe ilikuwa bapa, ndege zote zimenyooka. Foto ilikataa, kreyo yake ya kuchorea ilikubali. Akavuta pumzi, akasikia harufu ya udongo wenye umechimbwa sasa hivi. Na kiti ikalia kidogo, ile kilio ya mbao wakati muntu anageuza uzito yake.

Aliogopa, ndiyo. Lakini tangu matanga iishe, hakuna kiti mu ile nyumba ilikuwa imelia isipokuwa yake.

Basi hakukimbia. Akaanza kuipigia habari ile kitu ya ku kiti wakati anachora: maharagi ya nani yameoza na mvua, ng'ombe ya nani imeanguka mu bonde. Mabega yakakuja. Shingo ikakuja. Kisha muchana mumoja mvua ilipiga manjanja ya paa mupaka hakusikia tena sauti yake mwenyewe, na yeye anachora tu, anafuata mikunjo kutoka kiuno kushuka chini, na baridi inamupanda mugongoni kidogo kidogo, sababu mukono yake ya munganga ilikuwa inajua kitu yenye moyo wake ilikuwa inakataa kujua, na kadiri ile miguu ilivyotimia ku karatasi, mizuri, mizima, imekunjama sawasawa yote mbili, njo kreyo ilizidi kwenda polepole.

Mulango ikapigwa. Alikuwa Mama Léontine, jirani, muzaliwa wa Ntoto kule Walikale, mwenye kuolewa hapa. Alimuletea sahani ya sombe, majani ya muhogo. Alipofika ku kizingiti akasimama, hakuingia.

"Papa Dokta," akasema chini chini, "nani iko humu?"

"Niko mi peke."

"Mi peke haifanyake kiti ilie nyuma yako."

Evode hakugeuka. Akamuonyesha karatasi. Léontine akaiangalia kwa mbali, akauliza kama ni mama Vestine.

"Hapana," akasema. "Goti ya kuume ya Vestine ilivunjikaka wakati ya kukimbia vita. Mi mwenyewe niliifunga plasta, ikapona vibaya. Alikuwaka anakaa na ule muguu umenyooka mbele, hata kanisani. Hii kitu inakunja magoti yote mbili."

Léontine akaweka sahani chini. Akamueleza kwamba kwao, nguo ya mufu haikaake mu nyumba: wanaifua mu muto, wanaipatia muntu mwenye kuishi, njo kilio inaisha. Yeye Evode alikataa. Siku ya kutoka matanga alifunga valizi ya bibi yake na kufuli, jamaa wakaenda mikono tupu, wote waliona.

"Kuna vitu vya pori vinasikiaka baridi, Papa. Moja imekuta nguo bila mwenyewe, imeingia." Akanyoosha mikono. "Nipe. Nitaifua leo hii."

"Na kisha?"

"Kisha utabakia peke yako. Sawa sisi wengine."

Evode akaenda mu chumba. Akafungua valizi, akatosha kikwembe ingine, ya bleu, yenye Vestine hata hakuipendaka, akaikunja vizuri, akamuletea. Léontine, mwenye pale kizingiti hakuiona ile ya manjano, akaipokea na mikono mbili. Akamuombea, kisha akateremuka ku muto anaimba polepole, amefurahi juu ya jirani yake.

Evode akafunga mulango na kikomeo.

Kiti ilikuwa inangoja. Ilingoja kimya, sawa mugonjwa mwenye anajua munganga anatafuta mushipa. Evode akakaa mbele yake, akakamata gome ya kufutia, akafuta goti ya kuume ku karatasi. Akachora muguu wa Vestine vile ulikuwa: umenyooka mbele, umevimba ku goti, umepinda kidogo pale plasta ilikosea.

Kikwembe ikatikisika. Chini yake kitu ikalia, mufupa juu ya mufupa, na polepole sana muguu wa kuume ukaanza kunyooka kumuelekea.

"Polepole, mama," Evode akasema. "Najua, inaumaka wakati ya mvua."