Amri ya Subiri

Seva ilijibu kabla Fundi hajabonyeza kitufe.

Alikuwa ameandika "fungua geti" tu, kidole kikiwa bado hewani, na kioo cha kompyuta kikajibu: LIMEFUNGULIWA.

"Dada, umeona hiyo?" mdogo wake aliuliza kutoka meza ya pili.

"Si ndiyo kasi tuliyokuwa tunaitafuta?" Fundi akacheka.

Waliendesha mchezo wa kompyuta, mji wa kubuni ambao watu waliucheza wakiwa makwao, na wachezaji walikuwa wamewachosha kwa malalamiko kwamba seva inajikokota. Ndipo Fundi akaanza kuzihamisha amri zote kutoka kwenye skripti kuukuu za mzee aliyeubuni mchezo, kwenda kwenye kichakataji kipya, programu nyepesi ya kuendeshea amri. Kila amri ya mzee ilianza na neno "subiri". Halikufanya lolote ila kuchelewesha. Akalifuta kila mahali.

Ikaingia harufu ya nywele zinazoungua. Wakakagua nyaya, wakakagua feni. Vyote vilikuwa baridi. Kisha herufi zikajiandika zenyewe kwenye kioo, taratibu: fungua mlango. Nyuma yao, komeo la mlango wa chumba, mlango wa mbao tu usio na waya wala umeme, likateleza.

"Dada, tutoke humu," mdogo wake akanong'ona. Miguu yake haikusogea.

Fundi akampigia mzee simu, akamweleza.

"Subiri umeifuta?" Sauti ya mzee ilishuka ghafla.

"Haikuwa na kazi, mzee."

"Kazi yake ilikuwa kumzuia! Humo mna jini, binti yangu. Alinishinda kumtoa, nikamfunga kwa kumngojesha. Irudishe upesi!"

Kioo kikaandika: fungua mdomo.

Mdomo wa mdogo wake ukafunguka, ukazidi kufunguka hadi taya zikalia, na humo ikatoka sauti nzito ya kiume ikizisoma amri za mchezo, beba, choma, zika, huku Fundi akiirudisha subiri, akikosea, akifuta, akiandika upya, harufu ikimkaba pumzi, na mkono wa mdogo wake, baridi kama chuma, ukimpanda mgongoni polepole kuelekea shingoni.

Akabonyeza.

Mkono ukalegea. Mdogo wake akaporomoka sakafuni, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, na Fundi akamkumbatia pale pale chini.

"Ameondoka, dada?"

"Amefungwa. Nyamaza, mdogo wangu, yameisha."

Simu ikaita. Alikuwa mwenzao wa kazi, mmoja wa wenye seva nyingine za mchezo huo ambao Fundi, kwa furaha ya kazi kukamilika, alikuwa amewagawia kichakataji kile, pamoja na amri zisizo na subiri, mchana huo.

"Fundi," mtu yule alinong'ona, akihema, "hiki kitu ulichotutumia ni nini? Mke wangu amefungua mdomo, na haufungiki."