Bati la Juu ya Usukani

Kila alasiri, baada ya kubadili sare, Chiriku alivuka uwanja wa shule kwenda kumsaidia baba yake ndani ya basi. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki. Tangu mama yake afariki mwaka uliopita, jina lilibaki lakini maneno yalipungua.

Lilikuwa basi la shule, kuukuu, limekwisha kustaafu. Mwalimu mkuu alitaka ligeuzwe chumba cha kusomea watoto wa darasa la kwanza, na kazi akapewa baba yake Chiriku, fundi bodi wa magari. Viti vya abiria vilikwisha kutolewa, kikabaki cha dereva tu. Sasa ilikuwa zamu ya dari, mabati yaliyoshikwa kwa ribiti, vile visumari vifupi vyenye vichwa bapa, vimejipanga kama vifungo vya koti.

"Vaa barakoa," baba alisema. "Na miwani pia. Vumbi la humu halina undugu na kifua cha mtu."

Chiriku alipanda kwenye kigoda, akagonga kila bati kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Bati likilia, nyuma yake ni pakavu. Likiwa bubu, sufi ya kuzuia joto iliyo nyuma imelowa na paa linavuja. Bati bubu alilitia alama ya chaki kwenye kila ribiti. Baba alifuata na drili, akakata vichwa vya ribiti, kisha wakalishusha bati pamoja, Chiriku akilikinga kwa mpini wa ufagio lisiwaangukie.

Likabaki bati la mbele, juu ya usukani.

Basi hilo lilikuwa likiendeshwa na mama yake. Alikuwa mrefu, na kila shimo la barabarani lilipomrusha, kilemba chake kilisugua dari. Rangi ikalika, pakabaki duara dogo linalong'aa. Chiriku aliligusa duara hilo, akamkumbuka mama yake. Alitaka kuisikia tena ile sauti ya kila asubuhi: "Abiria wangu, mmeketi au mmening'inia?"

Akagonga. Bati likawa bubu. Akagonga tena, polepole, kama anayebembeleza. Bubu vilevile.

"Linasemaje?" baba aliuliza kutoka nyuma ya basi, akipanga vyuma vyake.

"Linalia, baba. Zima kabisa."

Baba hakuja kuligonga. "Haya. Liache."

Wiki nzima walifunga plaiwudi mpya darini na kuipaka rangi nyeupe. Rafiki yake Chiriku, aitwaye Kijiko kwa wembamba wake, alichungulia dirishani.

"Tunaingia lini? Mdogo wangu ameshachagua pa kukaa, na hata kusoma hajui!"

"Jumatatu," Chiriku alijibu. Alicheka, lakini macho yake yalipoliangukia lile bati, kicheko kilimkauka.

Njia ya mwongo ni fupi. Ijumaa mvua kubwa ilinyesha, na Jumamosi asubuhi walikuta plaiwudi imevimba na rangi imebambuka. Maji yalikuwa bado yakidondoka kutoka bati la mbele na kufuata mbao mpya. Baba alipanda kigoda, akagonga, akashuka. Aliketi sakafuni.

Chiriku angeweza kusema kwamba bati limeharibiwa na mvua ya jana. Lakini aliutazama mgongo wa baba yake ulioinama, akashindwa.

"Baba, nilikudanganya. Lilikuwa bubu tangu siku ile. Niliogopa utaliondoa, na mama asibaki na mahali popote." Akaangua kilio.

Baba alimvuta karibu. "Mimi fundi mzima, nilishindwa nini kuligonga mwenyewe? Sikutaka kulisikia. Nilitamani sana uwe umesema kweli." Alifuta macho kwa mkono wa shati. "Na mimi namkumbuka, mwanangu. Kila nikiingia humu."

Wakalitoa bati. Nyuma yake sufi ilikuwa nyeusi, imeota ukungu, na harufu yake iliwafanya wakaze barakoa.

"Wadogo zako wa darasa la kwanza wangevuta hewa hii kila siku," baba alisema. "Mama yako hakuwa anaondoa gari mpaka kila mtoto ameketi. Hili angelikubali?"

"Asingelikubali," Chiriku alinong'ona.

Siku mbili hizo hawakupumzika. Waliziba paa, wakabadilisha plaiwudi iliyovimba. Kipande kizuri cha bati, chenye lile duara, baba alikikata na kukisugua kutu. Wakakifunga kwa ribiti mpya ukutani, kando ya usukani, mahali ambapo mtoto akiketi anaweza kukigusa.

"Ukweli ungetugharimu bati moja," baba alisema. "Uongo umetugharimu dari, na bati tumelitoa vilevile. Siku nyingine jambo likikuuma, niambie mapema, hata kama unajua sitaki kulisikia. Nami sitajifanya kiziwi. Sasa gonga."

Chiriku aliketi kwenye kiti cha mama yake, akagonga. Safari hii alisikiliza vizuri kabla ya kujibu.

"Linalia, baba."

Baba alisogea, akagonga kwa mkono wake mwenyewe.

"Kweli," alisema. "Linalia."