Vidole Viligoma Kufunguka

Rafiki yangu Hhando hukusanya treni za zamani za bati, zile za kuchezea zinazotiwa ufunguo ndipo ziende. Juzi alifuata moja kwa Mama Hyasinta, hapa Karatu.

"Ufunguo wake uko wapi, mama?"

"Mwanangu tulimzika nao. Vidole viligoma kufunguka."

Nilimwambia aiache, hakusikia. Akaiweka rafuni stoo kwake, akafunga kwa kufuli.

Jioni ukungu ukashuka kutoka Ngorongoro, umeme ukakatika. Gizani akasikia kutoka stoo krr, krr, krr, kama springi inajazwa taratibu. Kisha magurudumu yakakwaruza sakafu, yakaja yakasimama nyuma ya mlango.

Asubuhi tulifungua pamoja. Treni ilikuwa rafuni, palepale. Tundu lake la ufunguo lilijaa udongo mwekundu, bado mbichi.