Fyuzi Mfukoni mwa Phanuel

Maiti ilikuwa darini, juu ya jiko la mesi ya maofisa. Ilikuwa imelala kifudifudi, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimeungua hadi kuwa cheusi.

Inspekta Lusweti alipanda ngazi akihema. Alikuwa mtu mnene, na ngazi hakuzipenda hata kidogo, lakini kazi ni kazi. Alimulika tochi, akamtazama marehemu, akamgeuza taratibu, akamfunika uso kwa leso yake mwenyewe. Ndipo alipoanza kumpekua mifuko.

Marehemu aliitwa Phanuel Osiako. Alikuwa fundi wa umeme, raia aliyeajiriwa kutunza majengo ya kambi hiyo ya jeshi nje kidogo ya mji wa Kakamega. Kwa kuwa hakuwa mwanajeshi, polisi waliitwa. Ilikuwa saa tisa alasiri, Julai 1996, na kesho yake kambi ilikuwa ikingojea wageni wakubwa kutoka Nairobi.

Meja Kipchirchir, msimamizi wa kambi, alisubiri chini ya ngazi akiangalia saa.

"Ni uzembe, Inspekta. Alishika waya bila kuzima umeme. Andika hivyo tumalize."

"Amefanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Majengo mangapi yameungua?"

"Hata moja."

"Na watu wangapi wamepigwa na umeme?"

"Hakuna."

"Basi tusiwe wepesi kumwita mzembe, bwana Meja."

Lusweti alifungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na fyuzi ya kaure, kubwa kama kiberiti, yenye vidoa vinne vyekundu.

"Nimeitoa katika mfuko wa shati lake. Kifungo kilikuwa kimefungwa. Haya, nionyeshe ilikotoka."

Chumba cha swichi kilikuwa nyuma ya jiko. Ukutani palikuwa na ubao wa nafasi sita za fyuzi, na ya nne ilikuwa tupu. Pembeni mwa kila nafasi palikuwa na vidoa vyekundu vya hesabu yake, na kila fyuzi ilikuwa na vidoa vilivyolingana. Lusweti alisimama akautazama ubao ule kwa heshima. Alikuwa ameingia majengo mengi ya serikali, na hakuwahi kuona kazi safi namna hiyo.

"Waya alioushika ni wa hiyo nafasi ya nne," alisema. "Ndiyo inayolisha jiko. Fyuzi yake alikuwa nayo mfukoni. Sasa umeme uliomuua ulipitia wapi?"

Meja alisogea kuutazama ubao.

Lusweti aliinama karibu. Fyuzi ya kwanza, kidoa chake kilitazama juu. Ya tatu, ya tano na ya sita, vivyo hivyo. Ya pili ilikuwa imepinduliwa, vidoa vyake vikitazama sakafu.

"Hii ya pili ni ya nini?"

"Chumba cha kupigia pasi."

"Leo kuna aliyepiga pasi?"

"Hapana. Sare za sherehe zilipigwa jana."

Lusweti alivaa glavu, akaichomoa. Kaure iliteleza kwa mafuta. Aliifunga katika karatasi safi kama kielelezo, kisha akaamuru watu wote wa mesi wachukuliwe alama za vidole.

Jioni hiyo alikwenda Shirere, nyumbani kwa marehemu. Wanawake walikuwa wamejaa uani, wengine wakilia, wengine wakiinjika vyungu. Nanjala, mjane wa Phanuel, alikuwa ameketi mkekani, na binti yake Mitchel amelala mapajani pake.

"Mama Mitchel, pole sana."

"Asante, baba. Ni kweli wanasema alikuwa mzembe? Askari mmoja amekuja kutuambia hapa, mbele ya watu!" Sauti yake ilipanda. "Pesa zao za fidia wakae nazo. Lakini hilo jina, huyu mtoto ataenda nalo shule? Phanuel mzembe? Huyo mwanaume alikuwa anakaguanga hata kiberiti!"

Lusweti alimwonyesha fyuzi ya vidoa vinne. Nanjala akacheka, machozi yakimtiririka.

"Woi! Hiyo ni rangi yangu ya kucha. Aliniibia chupa mzima! Alikuwa anasemanga hata kukiwa na moshi, nyekundu itaonekana. Na lazima iangalie juu. Ukimgeuzia moja, hiyo siku hamsikizani."

"Na kuitia mfukoni?"

"Kila siku. Aliniambia, 'Hapa ndio maisha yangu iko, siwezi kuachia mtu.'"

"Saa saba huwa anakuja kula?"

"Miaka yote, na baiskeli yake. Kambi yote inajua. Lakini asubuhi aliniambia nisimpikie."

"Kwa nini?"

Nanjala alimweleza kwa maneno machache. Lusweti aliyaandika, akayasoma mara mbili, akaondoka akiwa na uchungu moyoni.

Asubuhi mtaalamu wa alama za vidole alileta jibu. Saa nne, Sajini Makhanu, mkuu wa jiko, aliketi mbele ya Lusweti katika ofisi ya Meja.

"Sajini, una kuku wangapi kwenye friza?"

"Arobaini, afande. Wa wageni."

"Jana friza ilizimwa saa ngapi?"

"Saa mbili. Phanuel alikuwa anabadilisha nyaya zilizotafunwa na panya."

"Uliingia chumba cha swichi?"

"Mimi? Mimi ni mpishi, afande. Hayo mambo ya fyuzi siyajui."

"Hujawahi kugusa hata moja?"

"Kamwe."

"Dole gumba lako liko kwenye fyuzi ya pili. Limo ndani ya mafuta ya kupikia. Sajini, njia ya mwongo ni fupi."

Makhanu alitazama mikono yake. Mabega yakamshuka.

"Friza ilianza kutoa maji," alisema. "Ingokho arobaini, afande! Kwetu kuku ndiyo heshima ya mgeni. Mluhya kuwawekea wageni kuku wameoza? Ningechekwa kutoka hapa mpaka Mumias. Nikachomoa ya pasi, nikaiweka kwa ile nafasi tupu. Friza ikanguruma. Halafu nikasikia kishindo juu."

"Ulijua kuna mtu darini."

"Ilikuwa saa saba! Saa saba Phanuel yuko Shirere. Yeye ndiye saa yetu hapa kambini."

"Uliita kwanza?"

"Sikuita."

"Baada ya kishindo?"

"Nilichomoa, nikairudisha haraka."

"Ulipanda kumwangalia?"

Makhanu alitikisa kichwa. "Niliogopa. Nimebakisha miezi minne nistaafu. Walipomwona saa nane, na Meja akasema ni uzembe, nikanyamaza."

"Ukaacha rafiki yako azikwe na jina hilo."

"Ndiyo, afande."

Lusweti alifungua daftari lake.

"Jana asubuhi Phanuel alimwambia mkewe hivi: 'Leo usinipikie. Nikija kula, kuku wa Makhanu wataoza.'"

Makhanu aliweka uso mezani, akalia kwa sauti. Alipochukuliwa kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia, hakuinua macho.

Meja Kipchirchir alibaki amekaa. Mbele yake ilikuwa ripoti aliyoiandika jana. Aliichana, akachukua karatasi nyingine.

Siku ya mazishi alifika amevaa sare kamili. Alivua kofia mbele ya waombolezaji wote, akamwita Mitchel asimame karibu naye, kisha akasoma.

"Fundi Phanuel Osiako alizima umeme. Sisi wa kambi ndio tuliouwasha."

Nanjala alimwomba asome tena, kwa sauti zaidi, ili wa nyuma nao wasikie. Meja akasoma tena.