Aliyechomewa Nyumba

Moshi ulikuwa unaingia ndani ya nyumba badala ya kwenda zake.

Laurencia aliuona akiwa jikoni, akatoka uani na mwiko mkononi. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea mashambani, majani ya mikorosho yote yamelalia huko, lakini moshi wa moto aliouwasha mumewe ulikuwa unarudi kinyume, chinichini, ukiufuata mlango wa nyuma kama mgeni aliyeelekezwa.

"Baba Doris, unachoma nini?"

"Kasha bovu tu," Elineema alijibu, akiusukuma ubao kwa fito. "Mchwa wamelimaliza. Nilichokitaka nimeshakitoa."

"Mbona moshi unaingia ndani?"

Elineema aliutazama moshi, akaitazama miti, akacheka kidogo. "Utatoka."

Elineema alikuwa Mpare wa Same, mwalimu wa ufundi katika sekondari moja pale Nachingwea. Alipangiwa huko akiwa kijana, akamwoa Laurencia, binti wa Nanganga aliyekuwa akishona sare kwenye karakana ya misheni, wakazaa mtoto mmoja, Doris, ambaye mwaka huo wa elfu mbili na mbili alikuwa na miaka minne. Waliishi katika nyumba ya serikali pembezoni mwa shule: vyumba vitatu, korido, na jiko la uani.

Kasha alilochoma lilikuwa la mashine ya gemu, zile za kusimama wima kama kabati, zenye kioo usawa wa uso na kijiti na vitufe usawa wa kiuno. Elineema aliwahi kuiona moja Dar es Salaam enzi za chuo, akasimama nyuma ya migongo ya watu jioni nzima bila kupata zamu. Sasa ameipata yake. Ilikuwa imesahauliwa miaka mingi kwenye stoo ya klabu iliyokufa, na mwenye stoo alimwambia aichukue tu, amwondolee uchafu.

Aliitengeneza kwa mapenzi. Saketi, ule ubao wa umeme alioutoa kwenye kasha bovu, aliisugua kwa mswaki na spiriti. Kapasita zilizovimba alizing'oa, akalehemu nyingine alizozitoa kwenye redio mbovu. Kioo alikipata kwenye televisheni ya zamani, kijiti akakichonga kwa mpini wa jembe na kukitia springi chini. Mwisho akaunda kasha jipya la plaiwudi, akalipaka rangi ya bluu, akaliweka sebuleni.

Ilipowaka, kilitokea kijitu chekundu kikikimbia ndani ya jumba lenye milango mingi, kikifungua huu na kufunga ule. Walimu wenzake walikuja kucheza hadi chai ikapoa. Doris alikaa mapajani mwa baba yake akipiga vitufe kwa viganja vyote viwili. Laurencia, aliyekuwa amenuna kuhusu vumbi la msumeno, alijikuta naye anasubiri zamu.

Halafu asubuhi moja wakaamka wakalikuta kasha limefunguliwa.

Halikuvunjwa. Skrubu zote zilikuwa zimetolewa na kupangwa sakafuni, kuanzia ndefu hadi fupi. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, hazina hata mkwaruzo. Saketi ilikuwa katikati ya sebule, na Laurencia alipoigusa akarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto, na waya haukuwa umechomekwa ukutani.

"Mwizi," Elineema alisema.

"Mwizi gani anafungua halafu hachukui?"

Elineema alichukua bisibisi akaanza kulifunga upya. Asubuhi iliyofuata likafunguliwa tena. Akaunda jingine la mninga, zito, akalipiga gundi na misumari. Lilikutwa limelala vipande vipande, misumari imenyooka kama haijawahi kupigwa. Akaunda la mkongo. Nalo likakataliwa.

Ndivyo alivyoanza kusema mwenyewe: limekataliwa.

Aliacha kwenda darasani. Mkuu wa shule alimtuma mtu, kisha akaja mwenyewe, na Laurencia akamdanganya kwamba ni malaria. Elineema alikuwa uani na randa yake, macho mekundu, nywele zimejaa makapi ya mbao. Mbao za dukani zilipoisha alibomoa kabati la vyombo. Halafu akang'oa mlango wa chumbani.

"Baba Doris, huo ni mlango wa serikali!"

"Anataka mbao zilizozoea watu," alisema taratibu, bila kuinua kichwa.

"Nani anataka?"

Hapo akaacha kuranda. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeropoka mbele ya watoto, akaendelea na kazi.

Siku moja adhuhuri, umeme ukiwa umekatika mji mzima na Elineema amekwenda kutafuta mbao, Laurencia alikuwa anakunja nguo chumba cha mbele alipousikia mlio mdogo wa kijiti, tika, tika, tika, na alipoinuka na kwenda sebuleni miguu mitupu, amejiziba pua kwa kanga kwa sababu harufu ya ubao ulioungua kisha ukamwagiwa maji ilikuwa imetanda kila mahali, alikiona kioo kikiwaka kijivu, waya wake umelala sakafuni mbali na ukuta, na kijiti kikienda kushoto na kulia chenyewe, polepole, kama kimeshikwa na mtu anayejifunza; na ndani ya kioo halikuwamo tena lile jumba la milango mingi bali nyumba ndogo ya vyumba vitatu, yenye korido na jiko la uani, na sebuleni mwake kimesimama kijitu kimoja, na katika chumba cha nyuma, pale alipokuwa amelala Doris, kimelala kijitu kidogo, na katikati yao, kwenye korido, kimesimama cha tatu, kirefu, cheusi, hakina uso.

Aligeuka. Korido ilikuwa tupu.

Alipokitazama tena kioo, kile kirefu kilikuwa kimepiga hatua moja kuelekea chumba cha nyuma.

Laurencia alikimbia. Katikati ya korido alipita kwenye joto kali, kama mtu anayekatiza karibu na tanuri la matofali, lakini hakusimama, akamnyakua mtoto kitandani na kutokea dirishani.

Laurencia alimwita katekista wa misheni; alikuja, akasali chumba hadi chumba, akanyunyiza maji ya baraka. Nyumba ilitulia kimya muda wote wa sala. Alipopanda baiskeli yake na kufika barabarani, nyundo ikaanza kugonga uani.

Laurencia akajaribu la kwake. Aliichomoa saketi kwa mikono miwili iliyofungwa matambara, akakimbia nayo chooni aitumbukize shimoni. Alikuwa ameshainama aliposikia Doris akipiga kelele.

"Mama! Mama! Baba kaanguka!"

Elineema alikuwa chali kwenye makapi ya mbao, mdomo wazi, hana pumzi, uso unageuka rangi ya majivu. Alimtikisa, akamwita, akampiga mashavu. Mwisho akaelewa. Akairudisha saketi sebuleni, akaiweka sakafuni kwa adabu kama mtu anayeandaa chakula cha mkwe. Huko uani mumewe akavuta pumzi.

Kesho yake Laurencia alimbeba mtoto mgongoni, akaenda Nambambo kumtafuta Bi Biasha, mama mtu mzima aliyejulikana kwa kuzungumza na wasioonekana. Bi Biasha alikuja, lakini hakuingia ndani. Aliketi nje ya kizingiti, mahali ambapo mlango wa mbele ulikuwepo kabla Elineema hajaung'oa nao, akanusa hewa muda mrefu.

"Mlichoma nini hapa, mwanangu?"

Laurencia akamweleza kuhusu kasha la mchwa na moshi uliorudi nyuma.

"Basi," Bi Biasha alisema. Alifunga tena fundo la ubani alilokuwa ameshaanza kulifungua. "Nilidhani ni wa kufukuza. Huyu si wa kufukuza. Alikuwa na kwake. Kitu kikizoewa na watu, asiyeonekana naye anahamia, na lile kasha lilikuwa kwake. Mumeo amemchomea nyumba."

"Hakujua, mama!"

"Hakujua. Na huyu aliyechomewa hakumkosea mtu. Ana haki, huyu. Mwenye haki hafukuzwi, analipwa."

"Nimlipe nini? Makasha yote ameyakataa!"

"Muulize mwenyewe anachotaka. Ila sikiliza, usimwahidi kitu ambacho si chako."

Hawakuwahi kuuliza siku ile. Elineema alikuwa ametulia ghafla, amekunywa uji, amelala, na Bi Biasha akasema wasimwamshe. Alikubali kubaki, akajitandikia mkeka chini ya upenu wa jiko.

Alfajiri Laurencia aliamka mkono wake ukipapasa mahali pa mtoto, pakiwa patupu. Doris alikuwa sakafuni, amelazwa kwenye shuka, usingizi mzito. Elineema amepiga magoti juu yake na futi kamba, anampima kutoka utosini hadi kisiginoni, anampima mabega, na machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu.

"Baba Doris," Laurencia alinong'ona. "Unafanya nini?"

"Amesema hili liwe dogo," Elineema alijibu, sauti imekauka. "Mke wangu, nizuie. Mimi siwezi. Mikono siyo yangu. Anataka nyumba yenye mtu ndani, Laurencia, nishike, nifunge, nikate hii mikono."

Alikuwa bado anapima.

Laurencia alimrukia, akamnyakua mtoto na kumtupa mgongoni mwake kama mzigo wa kuni, akapiga kelele ya kumwita Bi Biasha. Mama yule alikuja mbio hadi kizingitini, akasimama hapo. Elineema akainuka. Uso ulikuwa wake, lakini alisimama kama mtu mrefu zaidi aliyejikunja asigonge dari, na harufu ya ubao ulioungua ikamtoka mdomoni alipoufungua.

"Nilikuwa na kwangu," sauti ilisema. Haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, na hilo ndilo lililomtisha Laurencia kuliko kelele.

"Tunaomba radhi," alisema. "Tumekukosea. Hakujua."

"Kwangu palikuwa na watu. Wanakuja wanacheza. Wanacheka. Wakaacha kuja, nikangoja. Sasa sina pa kungojea. Nipeni nyumba yenye watu."

"Chukua hii," Laurencia alisema.

"Mwanangu!" Bi Biasha aliita kutoka nje. "Pole pole!"

"Chukua hii yote! Vyumba vyote, na jiko. Hatutachukua hata kijiko. Mwachilie mume wangu, tutatoka sasa hivi."

Elineema aligeuza kichwa taratibu, akaitazama korido, akautazama ukuta, kama mpangaji anayekagua.

"Na watu?"

Mgongoni kwa mama yake, Doris alianza kulia usingizini. Laurencia alifumba macho.

"Watakuja," alisema. "Ni nyumba ya serikali. Haikai tupu."

Elineema alianguka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Walimburuta hadi nje, yeye na Bi Biasha, wakamlaza kwenye majani. Alikuwa anapumua. Aliomba maji, akauliza Doris yuko wapi, kwa sauti yake mwenyewe ya Kipare iliyojaa usingizi. Laurencia alilia hadi akatapika. Alipotaka kumshika Bi Biasha mkono wa shukrani, mama yule aliurudisha mkono wake ndani ya kanga.

"Umepona na wako," alisema. "Lakini umelipa kwa watu wa wenzio." Akachukua mkeka wake, akashika njia ya Nambambo bila kuaga.

Walikwenda Nanganga kwa wazazi wa Laurencia na nguo walizovaa. Elineema aliugua miezi, akapona, akaomba uhamisho wa ugonjwa, akapewa shule ya msingi Ruangwa. Hakushika tena bisibisi. Hata kitasa kikilegea alimwita fundi. Walikuwa na usingizi. Walikuwa na chakula. Doris alianza darasa la kwanza.

Habari ilimfikia Laurencia sokoni, kwa mama muuza mbaazi kutoka Nachingwea: ile nyumba yao imepata mwalimu mpya, mgeni wa Singida, na mke na watoto wawili. Laurencia alirudi nyumbani, akapika, akanyamaza. Alijiambia mikataba mingine huvunjika yenyewe. Alijiambia labda yule ameshahama. Mvua zilianza, zikaisha, na kila alipomwogesha mtoto wake, mawazoni aliwaogesha na wale wawili asiowajua.

Mwishowe akamwambia Elineema anakwenda kumwona mgonjwa, akapanda lori la korosho.

Mwanamke aliyempokea aliitwa Teodosia, mdogo kwake kwa umri, mtoto mchanga kifuani, mwingine ameshika sketi. Alimkaribisha vizuri, akamwekea kigoda nje. Laurencia aliona kwamba mlangoni pametundikwa pazia. Kutoka uani ilisikika nyundo ikigonga.

"Baba watoto huyo," Teodosia alisema haraka. "Kashika ufundi siku hizi."

"Dada," Laurencia alisema. "Mimi niliishi hapa. Ondokeni. Leo. Acha kila kitu, wabebe watoto twende."

Teodosia hakushangaa. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala, na vidole vilivyoungua ncha, kama vya mtu aliyejaribu kushika kitu cha moto.

"Nimeshaondoka mara mbili," alinong'ona. "Mara zote mbili amekata pumzi, tumerudi naye mgongoni. Jana nimemkuta anampima huyu mdogo." Akamsogelea hadi Laurencia akausikia moyo wake unavyokwenda. "Majirani wanasema wewe ulitoka na mumeo mzima. Dada yangu, nakuomba kwa Mungu. Ulimwambia nini, hata akakuachia?"

Uani nyundo ikanyamaza.

Laurencia alitazama kule uani, akamtazama mtoto aliyeshika sketi, aliyekuwa amelala amesimama. Mji mzima ulikuwa na nyumba za serikali, na walimu wapya kila Januari. Alijaribu kufikiria neno jingine la kusema badala ya lile 'watakuja' alilolisema yeye, lolote, na hakulipata.

Basi akainama sikioni mwa Teodosia, akamfundisha.