Sindano ya Moyo wa Méthode

Dorothée aliuza makayabo, samaki wa chumvi, katika soko la Mutakura, jijini Buja. Mwaka ule wa 2003 hakukuwa na utulivu kwa sababu ya vita. Risasi zikilia upande wa milimani, aliacha meza yake na kukimbilia nyumbani, kwa sababu Méthode, mume wake, hakuweza kukimbia. Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, pumzi ilimkatikia akienda msalani, na usiku alilala ameketi.

Hospitali ilimpa vidonge. Lakini siku moja redio ilieleza kwamba Ulaya madaktari wanatoa seli changa ndani ya mfupa wa mgonjwa na kuziweka moyoni, wakitumaini moyo utapata nguvu. Kesho yake Byamungu, kaka wa Dorothée, alifika akihema.

"Shemeji, ile dawa iko hapa hapa Buja. Kuna mutu anadunga sindano ya seli. Moja tu, moyo unakuwa mupya. Anataka mumupe hii parcelle na nyumba."

Toka siku ile Méthode aliacha vidonge. "Vya nini tena?" alisema. "Mi nangoja sindano."

Dorothée hakujua la kufanya. Wakitoa kiwanja na nyumba, watalala wapi na mtoto wao, Christa? Wasipotoa, je, Méthode akifa?

Haikupita wiki, miguu ya Méthode ikakataa kuingia kwenye viatu. Asubuhi moja milio ya risasi ikasikika karibu. Majirani walipita na mizigo kichwani. Dorothée alimvuta mumewe mkono, lakini Méthode alipofika mlangoni akakaa chini.

"Nenda na Christa," alisema.

Dorothée hakwenda. Walijibanza nyuma ya ukuta mpaka kukatulia. Kisha akamwita Amandine, muuguzi aliyeishi jirani.

Amandine alibonyeza mguu wa Méthode kwa kidole. Shimo likabaki.

"Baba Christa, dawa unakunywa?"

Méthode alitikisa kichwa. Byamungu, aliyekuja mbio kuwaangalia, ndiye aliyeeleza habari za sindano.

"Redio haikudanganya," Amandine alisema. "Lakini wale madaktari bado wanajaribu, kwa wagonjwa wachache, mu hospitali kubwa. Hata wao hawajajua kama inasaidia kweli. Huyo mutu alimupima shemeji yako?"

"Apana."

"Na seli anazitoa wapi?"

"Ziko mu chupa."

"Chupa ya nini?"

"Sikumuuliza," Byamungu alisema.

Amandine akamgeukia Méthode. "Moyo ni kama pompi ya kusukuma damu. Ukichoka, maji yanabaki mumwili: mumiguu, mumapafu. Vidonge vinatoa maji na kuupunguzia moyo kazi. Usiviache, hata ukisikia uko muzuri. Na chumvi inashika maji. Punguza sana."

Dorothée alishika mdomo. Kila jioni alimchagulia mumewe kipande kinono cha makayabo.

"Mi ndiye niko namulisha chumvi," alisema taratibu.

"Haukujua, Mama Christa. Sasa twende hospitali. Leo."

Hospitali walimdunga dawa ya kutoa maji na kumlaza siku kadhaa. Byamungu alikwenda kumwambia yule mtu wa sindano kwamba parcelle haitolewi. Dorothée akaanza kupika samaki mbichi kwa ndimu na nyanya, bila chumvi. Méthode alinung'unika, akala. Kila asubuhi alimeza vidonge, na mara kwa mara alikwenda kwa Amandine kupimwa uzito. Uzito ukipanda ghafla, ni maji yanarudi.

Moyo haukupona. Amandine hakuwaficha hilo. Lakini uvimbe ulishuka, na Méthode akaweza kulala kwa mito miwili, si ameketi tena.

Milio iliporudi, Dorothée alimkuta mumewe tayari barabarani, dawa mfukoni, amemshika Christa mkono. Walitembea polepole pamoja na majirani. Méthode alisimama kupumua, akaendelea, akasimama tena. Wakafika uwanja wa parokia, ambako watu wengi walikuwa wamekusanyika. Méthode alitafuta kivuli, akatandika koti lake chini.

"Kaa, Mama Christa," alisema. "We ndiye umechoka."

Dorothée akakaa.