Kikohozi Nyuma ya Pazia

Kikohozi kilisikika mchana kweupe, mteja akiwa hajamaliza hata kujieleza. Kilikuja mara mbili, cha kwanza kizito, cha pili chepesi, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kutamka jambo la heri. Mteja, fundi wa lifti mwenye aibu zake, akachekelea. "Mzee amekubali, eh?" Mama Ndoa naye akatabasamu. Angefanyaje? Midomo yake ilikuwa imefungwa, na nyuma ya lile pazia la kijani hapakuwa na mtu.

Tuelewane kwanza, maana hadithi za majini huharibiwa na watu wenye papara. Mama Ndoa alikuwa mshenga wa kulipwa. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili chini ya ghorofa, kati ya duka la kutoa kopi na kinyozi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti, na ua la plastiki ambalo yeye alilifuta vumbi kila asubuhi kama mtoto anayepelekwa shule. Cha nyuma kilikuwa na kiti cha mumewe. Miaka yote walifanya kazi hivyo: mke anaongea na mteja, mume amekaa nyuma ya pazia anasikiliza. Mzee yule alikuwa na masikio ya ajabu. Mteja akiwa mkweli na anafaa, alikohoa mara mbili. Mteja akidanganya, alichukua kijiko akagonga glasi yake ya chai mara moja, ting, na Mama Ndoa alisimama akasema, "Haya, tutakupigia." Hawakumpigia mtu huyo maisha yao yote.

Halafu mzee akafa, kwenye kiti kilekile, chai haijaisha. Watu wakaja, wakazika, wakaondoka. Mwana wao wa pekee akamwambia mama yake afunge ofisi akaishi naye, alale chumba cha wajukuu. Mama Ndoa akakataa. Alirudi ofisini, akafuta vumbi ua lake, na mteja wa kwanza alipouliza mzee yuko wapi, akajibu, "Yumo ndani." Kwa mwanawe alijitetea kwamba hakuna anayempa mwanamke mpweke kazi ya kutafuta ndoa. Sawa. Lakini ukweli ni kwamba lile neno lilikuwa halitoki kinywani mwake. Hakuwa amewahi kusema mume wangu amekufa. Hata siku ya mazishi watu walimsemea.

Sasa wateja wake wengi walikuwa watu wa mbali, wanaofanya kazi melini, migodini na hospitalini, na hao walitaka kulipa kwa kadi. Vijana wa kwenye mtandao walikuwa wanamnyang'anya wateja kila kukicha. Bila mashine ya kadi, ofisi ingefungwa, na kile kiti kingeuzwa pamoja na takataka nyingine. Akazunguka mabenki. Benki ya kwanza walimpa kiti na maji ya kunywa. Ya pili walimpa kiti. Ya tatu aliongea amesimama.

"Mama, kazi yenyewe ni nzuri," afisa wa benki ile ya tatu alimwambia, "ila iko kwenye kundi la biashara za hatari."

"Hatari? Kwani mimi nauza baruti?"

"Mtu akilipa kwa kadi, akakosa mchumba, anakwenda kudai arudishiwe. Tunamrudishia. Wewe ukiwa umeshafunga ofisi, hasara tunabeba sisi."

"Mimi sijawahi kufunga ofisi."

"Wote husema hivyo, mama. Halafu biashara imeandikishwa kwa majina mawili. Mwenzako yuko wapi? Mlete tumwone. Au kama ametangulia, basi tuletee cheti cha kifo, tuone la kufanya."

Mama Ndoa akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Njiani alilia, kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio, akajiambia benki zote na zife.

Wakala mmoja wa mashine za kadi alikuja siku ya mvua. Alikuwa nadhifu, mpole, mwenye mkoba mweusi. Mama Ndoa alikumbuka baadaye, akiwa amechelewa sana, kwamba viatu vyake vilikuwa vikavu. Akaweka mashine ndogo ya kadi juu ya meza.

"Mabenki yameniita hatari," Mama Ndoa akamwambia mapema, ili kama ni kukataliwa akataliwe haraka.

"Sisi hatuogopi hatari, mama. Hatari ndiyo chakula chetu. Tunachotaka ni idhini ya wenye biashara tu. Mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Yumo ndani."

"Basi nimsikie mwenyewe akikubali. Akishakubali, tumemalizana."

Hapo mtu mwenye akili zake angesema mzee kasafiri, mzee anaumwa, njoo kesho. Mama Ndoa akainuka, akapita nyuma ya pazia, akasimama kando ya kile kiti kitupu. Akabana shingo, akakohoa mara mbili kwa sauti ya mumewe, kikohozi cha kwanza kizito, cha pili chepesi. Alimwigiza vizuri mno hata machozi yakamlengalenga. Aliporudi mbele, wakala alikuwa amesimama tayari kuondoka.

"Amekubali," wakala akasema. "Nimemsikia."

Toka siku ile mashine haikukataa kadi ya mtu yeyote. Hata kadi zilizokuwa zimegoma kwa kinyozi jirani, pale kwa Mama Ndoa zilipita. Na kikohozi kikaanza, kama nilivyokwambia, kwa yule fundi wa lifti. Jioni yake Mama Ndoa alifungua pazia kwa ncha ya mwavuli. Hapakuwa na kitu. Kiti, meza ndogo, glasi na kijiko. Ila hewa ilinuka mafuta ya karafuu, yale aliyokuwa mzee akijipaka kwenye jino bovu, na chini ya karafuu kulikuwa na harufu nyingine, ya nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo ya maji.

Hapa watu humlaumu. Mimi simlaumu. Wewe kaa jioni baada ya jioni na redio tu, halafu siku moja usikie kiti kinalia chumba cha pili, vile kilivyokuwa kikilia mwenyewe anapojiweka sawa, halafu uniambie utakimbia. Mama Ndoa hakukimbia. Kwanza aliacha kuzima taa ya nyuma. Kisha akawa anapika chai ya watu wawili, na glasi ya nyuma akiikuta tupu, kavu, baridi kuliko chumba chenyewe. Mwishowe akawa anaongea. Alilisimulia pazia habari za wateja, za mkwe wake mwenye kiburi, za magoti yanayomuuma. Pazia lilikohoa mara mbili kwa kila jambo. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

Miongoni mwa wateja alikuwepo mwalimu wa chekechea, binti mpole aliyelelewa na bibi yake na sasa bibi hayupo. Alikuwa hana mtu. Alisema wazi, "Mama, mimi wanaume siwajui. Nikisikia kikohozi cha mzee nitakubali, hata huyo mtu awe nani."

Wiki hiyohiyo akaja mwenye duka la vioo, mwanamume mnene mwenye sauti laini, ametoka kuzika mke wake wa pili. Alimwona mwalimu kwenye picha, akasema ndiye huyo. Akatoa kadi yake mapema, kuonyesha kwamba hana longolongo. Nyuma ya pazia kikaja kikohozi. Mara mbili. Kwa ulaini, karibu kwa kucheka.

Mama Ndoa hakuigusa ile kadi.

Maana mtu yule alishawahi kuja pale, zamani, mzee akiwa hai. Alikuwa amezika mke wa kwanza. Alipoanza tu kusimulia alivyompenda marehemu, kijiko kililia, kikalia tena, mzee akagonga mpaka glasi ikapasuka na chai ikamwagika hadi chini ya pazia. Usiku ule mzee hakula. Alimwambia mkewe, "Bibie, yule mtu mkewe hakujifia." Mzee yule, angerudi kutoka popote alipo, asingemkoholea mwenye duka la vioo.

"Mwambie huyo binti aje kesho," mwenye duka akasema. "Tumalize."

Alipoondoka, Mama Ndoa akalisogelea pazia, na kila hatua harufu ya karafuu ilipungua na ile ya nguo mbichi ikazidi, na alipolishika akakuta limelowa chini mpaka magotini ingawa sakafu ilikuwa kavu, na kwa upande wa pili wa kitambaa, karibu kabisa, pale ambapo uso wa mtu aliyesimama ungekuwa, kitambaa kilikuwa kinaingia ndani na kutoka, kinaingia na kutoka, polepole, kama kinavutwa na pumzi.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Bibie," sauti ya mumewe ikajibu. "Chai yangu iko wapi?"

Hajui alifikaje kwa mganga. Mganga alikuwa mwanamke mkavu, asiye na maneno mengi, aliyekuwa akishona kifungo cha shati wakati wote akisikiliza. Alipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Mwenzangu, sina dawa ya kukupa. Nikifukiza ubani atakaa nje mpaka moshi uishe, kisha atarudi. Huyo hakuvunja mlango. Ulimwambia mtu kwamba mumeo yumo ndani, ukamkoholea. Kiti kilikuwa wazi, akakikalia."

"Nimtoeje?"

"Kwa kinywa hichohicho. Sema mume wako amekufa. Mbele ya watu, wakati yeye anasikiliza."

Mama Ndoa akainamisha kichwa. "Nikisema, nitabaki na nani?"

Mganga akalikunja lile shati. "Hilo halina dawa," akasema, na kusema kweli alimwonea huruma.

Siku ya pili mwalimu alikuja amevaa gauni jipya la kuazima. Mwenye duka la vioo alikaa mkabala naye, kadi mkononi. Mashine ilikuwa mezani, taa yake imewaka kabla haijaguswa. Nyuma ya pazia koo likaanza kusafishwa.

"Subiri," Mama Ndoa akasema.

Akafungua mdomo, na neno likakataa, likakwama palepale lilipokwama tangu siku ya mazishi, na akiwa anahangaika nalo taa ya chumba cha nyuma ikafifia na sauti ikaja, ya taratibu, ya usingizini, ile aliyoisikia kitandani miaka yote ya ndoa yake, ikamwambia, "Bibie, usinitoe, huko nje ni giza na wewe utakula na nani, utaongea na nani, nani atajua magoti yanakuuma," na mwalimu akashika mkono wa kiti chake, na mwenye duka akageuka kutazama, na Mama Ndoa akalia kwa sauti kubwa kama mtoto, kwa sababu kila neno lililosemwa lilikuwa kweli tupu, na katikati ya kilio kilekile likatoka.

"Mume wangu amekufa. Amekufa! Hayumo ndani. Anayekohoa humo simjui. Na wewe baba, mume wangu alipokuwa hai alikusikia, akagonga mpaka akavunja glasi. Mwanangu, nyanyuka uende nyumbani."

Kitu kikapiga mayowe, au labda ilikuwa breki ya gari nje. Pazia likavutwa ndani likang'oka na fimbo yake. Glasi ikapasuka ukutani. Mashine ya kadi ikazima, na kutoka hapo haikuwaka tena. Mwalimu alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Mwenye duka la vioo alisema mama huyu amechanganyikiwa, lakini alisema akiwa ameshafika barabarani.

Mama Ndoa alifagia vigae vya glasi, akavitupa pamoja na kijiko. Pazia akalichoma. Kiti akakiacha, kitupu, kikionekana wazi kutoka mezani. Akapika chai ya mtu mmoja, na ilimshinda kunywa. Sijui kama umewahi kusikia kimya cha namna ile. Mwalimu alirudi kuchukua kiatu chake, akamkumbatia, wakakaa kidogo, kisha akaenda zake kwa sababu watoto walikuwa wakimsubiri.

Kesho yake Mama Ndoa alipeleka cheti cha kifo kwenye ile benki ya tatu, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Afisa akampa pole, na safari hii akampa kiti. Baada ya muda, simu ikaita ofisini, jua likiwa bado kali, kinyozi jirani anabishana na mteja.

"Mama, habari njema. Mashine utapata. Kuna sehemu ya malipo tutaizuia kwa miezi kadhaa, si unajua, biashara za hatari. Limebaki swali moja la kawaida, simu hii inarekodiwa. Biashara sasa ni ya kwako peke yako? Hakuna mwingine?"

Mama Ndoa akashusha pumzi. Safari hii neno lilitoka bila kusumbua.

"Niko peke yangu. Mume wangu alikufa."

Chumba cha nyuma kilikuwa wazi mbele ya macho yake. Kiti, meza ndogo, ukuta. Hapakuwa na pazia, hapakuwa na glasi wala kijiko.

Ting.

Mara moja tu, vile alivyokuwa akigonga mzee mtu anapodanganya.

"Mama?" afisa akaita kwenye simu. "Nimesikia kitu hapo. Uko peke yako kweli?"